Dag Hammarskjöld, mpatanishi aliyekufa akimwendea Tshombe



Katika kanisa letu hapa Fungurume yuko shemasi anayeendesha kamyo. Hubeba shaba kutoka huku, hupita Likasi na Lubumbashi, huvuka mpaka wa Kasumbalesa, kisha huingia Zambia na kuendelea kusini. Jumapili moja baada ya ibada aliniuliza juu ya kibao anachokiona kando ya barabara ya Kitwe kwenda Ndola, chenye jina gumu la Kizungu. Amekipita miaka mingi akidhani ni jina la kampuni ya madini. Nilimwambia kwamba ni jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikufa katika pori lile kwa sababu ya mambo yaliyokuwa yakitendeka hapa kwetu. Akaniomba nimweleze vizuri. Maelezo ya kusimama mlangoni mwa kanisa hayakutosha, kwa hiyo ninayaandika, naye atayasoma kwenye simu yake akingoja zamu mpakani.

Iko na sababu ya pili. Tukifungua redio tunasikia habari za Marekani na Iran: leo wajumbe wao wanazungumza juu ya nyuklia, kesho mazungumzo yamevunjika, kesho kutwa wakaguzi wa kutoka Vienna wamezuiwa kuingia. Mwaka 2015 mataifa yale yalitia sahihi mapatano, na mwaka 2018 Marekani ikajitoa. Waumini wananiuliza kama hizi ni dalili za siku za mwisho. Swali hilo sitalijibu hapa. Ninachotaka mjue ni kwamba wale wakaguzi wa Vienna wana historia, na mmoja wa watu walioanza kuwaketisha maadui kwenye meza moja kuzungumza habari za atomu ni huyu ambaye jina lake liko kwenye kibao cha Ndola. Na jiwe lililoanzisha habari yote lilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, safari fupi kutoka hapa ninapoandika.

Dag Hammarskjöld alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 huko Jönköping, nchini Uswidi. Alikuwa kitinda mimba, wa mwisho kati ya wana wanne. Baba yake Hjalmar alikuwa mwanasheria na mtumishi mkubwa wa serikali. Alipofanywa gavana wa Uppsala, familia ilihamia katika ngome ya kale iliyo juu ya kilima, na watoto wakakulia humo wakiutazama mji chini yao. Kuanzia 1914 hadi 1917 baba huyo alikuwa waziri mkuu. Uswidi haikuingia katika vita vile vya kwanza vya dunia, lakini chakula kilipungua, watu wakaona njaa, wakaligeuza jina lake na kulitia neno njaa ndani yake. Dag alikuwa mtoto wa miaka 11 au 12 wakati huo. Mimi nadhani mtoto anayesikia baba yake akitukanwa barabarani kwa kosa la kutochagua upande hasahau. Baadaye yeye mwenyewe alikuja kusimama mahali pale pale pa baba yake, akatukanwa na pande zote mbili.

Mama yake, Agnes, alitoka katika ukoo wa wasomi na wachungaji, mwanamke mwenye moyo mwepesi wa kupokea watu. Dag alisema baadaye kwamba kutoka upande wa baba alirithi imani kuwa hakuna maisha yaliyo bora kuliko kuitumikia nchi yako na wanadamu bila kujitafutia faida, na kutoka upande wa mama imani kwamba watu wote ni sawa kama watoto wa Mungu. Jirani na rafiki wa familia alikuwa Askofu Mkuu Nathan Söderblom, yule aliyekusanya makanisa ya mataifa yaliyokuwa yamepigana vita na kuyaketisha pamoja Stockholm mwaka 1925. Dag alikuwa na miaka 20. Sisi wa makanisa ya Kiprotestanti tunaozungumza sana juu ya umoja wa makanisa, tunakula matunda ya mti uliopandwa na Söderblom, hata kama jina lake halitajwi katika mahubiri yetu.

Masomo yake nayapita haraka: lugha na fasihi, uchumi, sheria, halafu udaktari wa uchumi. Alipanda ngazi za serikali upesi mno. Mwaka 1936 alikuwa naibu katika wizara ya fedha, na mwaka 1941, akiwa na miaka 36, aliongoza halmashauri ya benki kuu ya Uswidi. Hakuoa. Alipenda milima, vitabu na ukimya. Usiku aliandika daftari la siri ambalo rafiki zake hawakulijua, akihesabiana na Mungu ndani yake juu ya kiburi chake, upweke wake, na mauti. Ofisini hakuna aliyejua kwamba bwana yule wa hesabu na mafaili alikuwa mtu wa maombi.

Mwaka 1953 Katibu Mkuu wa kwanza wa ONU, Trygve Lie wa Norway, alikuwa anaondoka, na mataifa makubwa hayakuweza kukubaliana juu ya mtu. Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa zinapigiana kelele, vita vya Korea havijaisha. Mwishowe wakalikubali jina la Mswidi huyu kwa sababu kila upande ulidhani ni karani mwangalifu asiyeweza kumsumbua mtu. Habari ilimfikia usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili, naye akadhani ni mzaha wa siku ile. Tarehe 7 Aprili Baraza Kuu lilipiga kura, na karani mwangalifu akaingia kazini.

Jambo la kwanza lililoonyesha ni mtu wa namna gani lilihusu askari wa anga 11 wa Marekani. Ndege yao iliangushwa Januari 1953 wakati wa vita vya Korea, wakakamatwa na China, na Novemba 1954 wakahukumiwa kuwa wapelelezi. Marekani ilikasirika sana. Baraza Kuu lilipitisha azimio la kuilaani China na kumtaka Katibu Mkuu afanye awezalo wafunguliwe. Hebu fikirini ugumu wake: serikali ya Beijing haikuwa na kiti katika ONU, askari wake walikuwa wamepigana na askari waliobeba bendera ya ONU, na sasa mtu wa ONU anatakiwa kuiendea akiwa na karatasi ya matusi mkononi.

Hammarskjöld aliiacha ile karatasi. Alimwandikia Zhou Enlai, waziri mkuu wa China, akiomba kuonana naye, naye akakaribishwa. Januari 1955 alisafiri hadi Beijing katika baridi kali, wakazungumza siku kadhaa. Alieleza kwamba hakuja kama mjumbe wa wale waliopiga kura ya kulaani. Alikuja kwa mamlaka ya kazi yake mwenyewe, ambayo Mkataba wa ONU unampa Katibu Mkuu, ya kutafuta amani popote. Kwa hiyo China ingeweza kumsikiliza bila kuonekana imeinama mbele ya azimio la adui. Alirudi mikono mitupu, na magazeti ya Marekani yakamcheka. Alinyamaza, akaendelea kuandikiana barua na Zhou kwa miezi. Kisha, mwanzoni mwa Agosti 1955, China ilitangaza kuwafungua wote 11, na ujumbe ukamfikia Katibu Mkuu kwamba jambo hilo limefanywa kwa urafiki naye, wakati wa siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa ametimiza miaka 50.

Wazee wetu wanaosuluhisha kesi za mashamba na mahari wanaijua njia hii. Mzee mwenye hekima hamwambii mwenye kosa mbele ya ukoo mzima kwamba ameshindwa. Anamtafutia mlango wa kutokea ambao hautamvunjia heshima, hata kama mlango huo utachelewesha kesi msimu mzima.

Sasa tuje kwa atomu. Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, mpaka Shinkolobwe.

Mwaka 1915 Wazungu waligundua urani pale Shinkolobwe. Kampuni ya Union Minière iliichimba kwanza kwa ajili ya radiumu, na urani yenyewe ilionekana karibu haina kazi. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, mkurugenzi wake, Edgar Sengier, aliyekuwa ameonywa na wanasayansi wa Ulaya, alisafirisha tani zaidi ya 1,000 za mawe hayo mpaka New York mwaka 1940, yakakaa ndani ya mapipa ghalani. Septemba 1942 ofisa wa jeshi la Marekani alimwendea ofisini, na mawe yakauzwa. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kuliko ya mahali pengine popote palipojulikana. Baadhi yalizidi asilimia 60, wakati migodi mingine ilihesabu sehemu ndogo ya asilimia moja. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi ile ya Wamarekani ilitoka huku, na tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliungua. Mwaka 1944 Marekani, Uingereza na Ubelgiji zilikuwa zimekwisha kuandikiana mapatano juu ya nani atanunua urani ya Kongo. Mkongomani hakuwako mezani. Wachimbaji wenyewe, baba zetu na babu zetu, walishika mawe yale bila kuambiwa yana nini ndani.

Kufika 1953, Marekani na Urusi zote mbili zilikuwa na bomu kubwa zaidi kuliko lile la Hiroshima. Desemba 1953 Rais Eisenhower alisimama mbele ya Baraza Kuu la ONU akapendekeza kwamba mataifa yaunde shirika la kusimamia atomu kwa matumizi ya amani. Warusi hawakumwamini. Na kwa nini wamwamini? Kila upande uliamini kwamba mwenzake anataka kuona ghala lake tu. Mwaka mmoja baadaye Baraza lilikubaliana juu ya jambo dogo zaidi: kuwakutanisha wanasayansi. Likamwekea Katibu Mkuu kamati ya ushauri ya nchi saba, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, Kanada, India na Brazili, na Hammarskjöld akawa mwenyekiti wake.

Hapa watu hupita haraka kwa sababu hakuna risasi wala ndege kuanguka, lakini mimi napaona ni mahali penye utajiri. Kamati hiyo ilikuwa na watu waliokuwa wamejenga mabomu au kufundisha waliojenga mabomu, kutoka nchi ambazo magazeti yao yalitukanana kila asubuhi. Mwenyekiti alizuia siasa mlangoni. Waliulizana juu ya mambo yanayoweza kujibiwa: ni habari zipi za kisayansi zinaweza kusomwa hadharani, nani atasoma kwanza, tafsiri itafanyikaje. Mambo madogo kama ya kamati ya harambee. Na katika mambo hayo madogo Mmarekani na Mrusi walizoea kusema ndiyo mmoja kwa mwingine.

Mkutano wenyewe ulifanyika Geneva kuanzia tarehe 8 hadi 20 Agosti 1955, wiki ile ile iliyofuata kufunguliwa kwa wale askari wa anga. Mataifa 73 yalihudhuria, na mwanasayansi Homi Bhabha wa India alikuwa rais wa mkutano. Mambo mengi yaliyokuwa siri ya jeshi yalisomwa kwa sauti mbele ya adui. Wamarekani walileta mtambo mdogo wa nyuklia ukifanya kazi ndani ya maji, ukitoa mwanga wa bluu, na watu wakapanga foleni kuutazama. Wanasayansi waliokuwa wakisoma habari za wenzao kwa kificho walikutana uso kwa uso, wakala chakula pamoja. Mwaka uliofuata katiba ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ilikubaliwa, na ikaanza kufanya kazi kisheria tarehe 29 Julai 1957. Wanaopenda kuhesabu tarehe wataona ni siku ya kuzaliwa ya nani. Makao yake yakawa Vienna, na ndilo hilo shirika la wakaguzi tunalolisikia redioni.

Sitaki kuyapamba. Mkutano wa Geneva haukuondoa bomu hata moja. Mashindano ya silaha yaliendelea, na baadhi ya nchi zilizojifunza nyuklia ya amani zilikuja kutengeneza bomu. Nasi kwa upande wetu hatukuwa na sauti Geneva, ila Ubelgiji iliyozungumza kama mwenye mali. Tulichopata ni mtambo mdogo wa utafiti uliowashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, wa kwanza katika Afrika. Urani yetu ilikwenda kwa mapipa. Elimu yake ilirudi kwa kijiko.

Wakati huo huo Hammarskjöld alikuwa akishughulikia chumba kimoja. Katika jengo la ONU mjini New York palikuwa na kichumba cha maombi kisichovutia. Alikisimamia kitengenezwe upya mwaka 1957, akichagua mwenyewe mwanga, mabenchi na picha ya ukutani. Katikati hakuweka msalaba, kwa kuwa wanaoingia ni wa dini zote na wasio na dini. Aliweka bonge la madini ya chuma kutoka Uswidi, lenye uzito wa tani sita na nusu, limesuguliwa juu, na taa moja ikiliangaza. Alieleza kwamba chuma hicho hicho binadamu amekitengenezea panga na amekitengenezea nyumba, na kila mtu anapokitazama anaweza kukumbuka kwamba uchaguzi uko mikononi mwake. Wapendwa, mimi ni mchungaji katika mji wa madini. Nimewahi kuhubiri juu ya Isaya na majembe mara nyingi, lakini sikuwahi kufikiri kuweka jiwe la mgodini mahali pa madhabahu. Wazee wa kanisa wangenikatalia, na labda wangekuwa na haki. Hata hivyo sikuacha kulifikiria.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru. Baada ya siku chache jeshi likaasi, Wabelgiji wakatuma askari wao, na tarehe 11 Julai Moïse Tshombe akaitangaza Katanga kuwa nchi ya pekee yake, akiungwa mkono na Union Minière. Serikali ya Patrice Lumumba iliita ONU. Hammarskjöld akaitisha Baraza la Usalama usiku, na kabla ya juma kwisha askari wa kwanza wa ONU walikuwa wanatua Léopoldville.

Inaniuma kusema kwamba Lumumba na Tshombe wote wawili walipitia shule za misheni ya Kimethodisti, mmoja katika Sankuru na mwingine huku Katanga. Waliimba nyimbo za kitabu kimoja.

Na hapa lazima niseme pia yale ambayo watu wa Uswidi hawapendi kuyasema sana. Agosti 1960 Hammarskjöld alikwenda Élisabethville kuzungumza na Tshombe ili askari wa ONU waingie Katanga kwa amani. Alifanya kama alivyofanya Beijing: alimtafutia mlango. Lakini Zhou Enlai alikuwa mtawala wa nchi yake. Tshombe alikuwa muasi katika nchi ya mwingine, na mwenye nchi, Lumumba, hakuchukuliwa katika safari ile. Lumumba aliona kwamba amepitwa na kudharauliwa, akavunja uhusiano naye kwa barua kali. Kuanzia hapo hawakupatana tena. Lumumba alipoondolewa madarakani, askari wa ONU walilinda nyumba yake. Alipotoka nje ya ulinzi huo Novemba na kukamatwa Sankuru, ONU haikuingilia kati. Tarehe 17 Januari 1961 aliletwa Élisabethville akiwa amefungwa kamba na kupigwa, askari wa ONU waliokuwa uwanja wa ndege waliiona ndege ikishuka, na usiku ule akauawa.

Wazee wengi wa Kongo hawajamsamehe Hammarskjöld kwa hilo, na mimi siwezi kuwaambia wamekosea. Alishika sheria ya kutoingilia mambo ya ndani mahali ambapo kutoingilia kulikuwa ni kumtoa mtu. Katika Injili yuko gavana aliyenawa mikono. Sisemi Hammarskjöld alikuwa Pilato, kwa sababu Pilato alienda zake kula. Huyu, wanaomjua wanasema, hakuwa yule yule tena baada ya habari ile. Lakini damu ya Lumumba iko katika hesabu ya maisha yake, na anayeandika maisha yake bila kuitaja anadanganya.

Khrushchev wa Urusi alikuwa amekwisha kumshambulia mbele ya dunia nzima Septemba na Oktoba 1960, akitaka ajiuzulu na nafasi yake ichukuliwe na watu watatu. Tarehe 3 Oktoba Hammarskjöld alijibu kwamba atabaki, kwa kuwa wanaohitaji ONU iwalinde ni nchi ndogo na changa, wala si Urusi na wakubwa wengine. Wajumbe wa nchi hizo walisimama wakapiga makofi kwa muda mrefu.

Septemba 1961 alifika Léopoldville. Siku ile ile ya kufika kwake, tarehe 13, vita vilikuwa vimeanza Élisabethville kati ya askari wa ONU na jeshi la Tshombe lenye mamluki wa Kizungu. Mpaka leo wanahistoria wanabishana ni kiasi gani alijua mapema juu ya shambulio hilo. Kampuni moja ya askari wa Ireland, watu wapatao 150, ilizungukwa Jadotville, ndiyo Likasi yetu, wakapigana siku tano hadi maji na risasi kuisha. Na kutoka uwanja wa ndege wa Kolwezi ilikuwa ikiruka ndege moja tu ya kivita ya Katanga, aina ya Fouga Magister, ikishambulia chini na angani bila kuzuiwa, kwa sababu ONU haikuwa na ndege za kivita. Ndege moja ilitosha kuliogopesha jeshi la mataifa.

Hammarskjöld aliamua kwenda mwenyewe kukutana na Tshombe, Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini ya wakati ule. Jioni ya Jumapili tarehe 17 Septemba aliondoka Léopoldville kwa ndege ya DC-6 iliyoitwa Albertina, pamoja na watu 15. Kwa kuogopa ile Fouga ya Kolwezi hawakupita njia ya moja kwa moja. Walizunguka mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika, gizani, redio ikiwa kimya kwa saa nyingi, kisha wakashuka kusini. Baada ya saa sita ya usiku rubani aliuona uwanja wa Ndola na taa zake. Dakika chache baadaye ndege ilianguka msituni, kilomita 15 hivi kutoka uwanjani. Mabaki yake yalitangazwa kupatikana alasiri ya siku iliyofuata. Mtu mmoja tu, mlinzi wa Kimarekani Harold Julien, alikutwa hai, naye akafa hospitalini siku chache baadaye. Hammarskjöld alikuwa na miaka 56.

Karibu na pale walikuwako wachoma makaa. Walisema waliona angani mwanga na ndege nyingine. Tume ya serikali ya Rhodesia haikuwapa uzito. Walikuwa watu weusi wa porini, na tume ikaona ni kosa la rubani. Uchunguzi wa ONU wa 1962 haukufunga jambo. Miaka zaidi ya 50 baadaye ushuhuda wa wachoma makaa ulisikilizwa upya, na tangu 2015 ONU imemkabidhi uchunguzi Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, Mohamed Chande Othman. Taarifa zake zinasema inawezekana kabisa kwamba ndege ilishambuliwa, na kwamba zipo nchi ambazo bado hazijafungua nyaraka zao zote. Nilipomweleza shemasi wangu habari hii, kilichomgusa zaidi ni wale wachoma makaa. Aliniuliza kama majina yao yako kwenye kibao.

Katika chumba alimolala Léopoldville kilikutwa kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo. Ndani ya mkoba wake zilikuwamo kurasa za kitabu cha Martin Buber, mwanafalsafa wa Kiyahudi, alichokuwa akikitafsiri kwa Kiswidi. Daftari lake la siri lilikutwa nyumbani kwake New York, likachapishwa mwaka 1963, na watu waliofanya kazi naye miaka minane wakagundua kwamba hawakumjua. Mwaka ule ule wa kifo chake alipewa tuzo ya Nobel ya amani. Alizikwa Uppsala.

Mazungumzo aliyoyafuata hayakusubiri maziko. Mtunisia mmoja wa ONU, Mahmoud Khiari, alikwenda Ndola akaketi na Tshombe, na tarehe 20 Septemba wakatia sahihi kusimamisha vita. Havikusimama sana. Vilirudi Desemba, na tena mwisho wa 1962. Januari 1963 Tshombe alikuwa amekimbilia Kolwezi na watu wake wa mwisho, mabwawa ya umeme yametegwa baruti, akitishia kuyalipua. Baada ya mazungumzo tena, hayakulipuliwa. Tarehe 21 Januari askari wa ONU waliingia Kolwezi bila risasi, wakitoka Jadotville. Ni barabara hii ya kwetu, ambayo kamyo za shaba zinaipita usiku na mchana.